Ziara ya Mafunzo Bila Basi: Mapango Yanatokeaje?

Nakala ya kipindi cha elimu. Isomwe kwa sauti katika vikundi vya usikilizaji na madarasani.

[Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka]

MTANGAZAJI: Wewe unayesoma nakala hii mbele ya kikundi, soma polepole ili na walioketi nyuma wasikie.

Leo tunakwenda ziara ya mafunzo. Katika shule nyingi za mjini, mwalimu wa jiografia akifika kwenye somo la miamba hutafuta basi na kuwapeleka wanafunzi kuona pango kwa macho yao. Wanaingia na tochi, wanagusa jiwe, wanarudi jioni daftari limejaa. Sisi hapa kambini hatutoki bila kibali, na kibali cha wanafunzi 60 pamoja na basi lao si jambo la wiki moja. Lakini mtihani hauulizi kama ulipanda basi. Unauliza pango linatokeaje. Swali hilo unaweza kulijibu ukiwa hapa hapa, ukiwa na ganda la yai, ndimu moja na kijiko cha chumvi.

Kuna sababu nyingine ya kipindi hiki, na hii inawahusu wazazi. Watoto wetu wanapenda mashimo. Wanacheza makorongoni, wanajificha kwenye mashimo ya udongo wa matofali, wanachungulia visima vilivyoachwa. Mtoto anayejua shimo limetokeaje ataelewa pia kwa nini linaweza kumfukia. Kwa hiyo mama, baba, usizime redio ukidhani haya ni ya wanafunzi peke yao.

Ziara yetu ina vituo vitatu. Kwanza tutafika Tanga, kwenye mapango ya Amboni. Kisha tutavuka hadi Goma na Musanze, kwenye nchi ya volkano. Mwisho tutarudi hapa kambini, kwenye korongo.

Kabla hatujaanza safari, tafuta vitu hivi: nusu ya ganda la yai, ndimu au limau, kikombe kimoja, chupa mbili za plastiki zinazoonyesha ndani, maji, kijiko cha chumvi na kiganja cha udongo. Ganda usinunue. Nenda kwa wanaouza mayai ya kuchemsha, wao hulitupa.

[Muziki mfupi]

KITUO CHA KWANZA: AMBONI, TANGA

MTANGAZAJI: Mapango ya Amboni yapo kama kilomita 8 kaskazini mwa mji wa Tanga, karibu na barabara inayokwenda mpaka wa Kenya. Mto Mkulumuzi unapita jirani. Mwongoza wageni hukuchukua na tochi, mnashuka, na baada ya hatua chache jua linabaki nyuma. Ndani kuna vyumba vikubwa na njia nyembamba ambazo mtu mzima lazima ainame. Juu darini popo wamejining'iniza. Kuna pia mahali ambapo watu huja kuomba na kuacha sadaka zao, na wageni huheshimu.

Sasa shika jiwe la Amboni. Ni jiwe la chokaa. Chokaa hiyo haikuanzia nchi kavu. Ilianzia chini ya bahari, katika kipindi ambacho wanajiolojia wanakiita Jurasiki, kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita. Magamba ya konokono wa baharini, matumbawe na viumbe vidogo vidogo vilikufa, vikashuka chini, vikarundikana tabaka juu ya tabaka. Uzito wa tabaka za juu ukazibana zile za chini mpaka zikawa jiwe. Baadaye ardhi ikainuka, bahari ikarudi nyuma, na jiwe lile likabaki juu likinyeshewa mvua.

Hapo ndipo kazi ya kuchimba pango inapoanza, na mchimbaji ni maji. Utasema, maji yatachimbaje jiwe? Tufuate tone moja la mvua.

Tone linapoanguka, linapita hewani na kubeba hewa ya ukaa kidogo. Hewa ya ukaa ni ile tunayoitoa tukipumua, na ndiyo inayotoa mapovu unapofungua soda. Tone likifika chini linaingia kwenye udongo. Humo kuna mizizi inayopumua na majani yanayooza, kwa hiyo hewa ya ukaa ni nyingi kuliko huku juu. Tone linaibeba hiyo pia. Maji yakichanganyika na hewa ya ukaa yanakuwa asidi. Ni asidi dhaifu sana, huwezi kuihisi ulimini, ila chokaa inaihisi.

Tone linapenya kwenye ufa mdogo wa jiwe na kuyeyusha chokaa kidogo, kidogo kuliko chembe ya chumvi. Tone la pili linafuata, la tatu, la milioni. Ufa unapanuka unakuwa njia. Njia mbili zinakutana, zinakuwa chumba. Kwa muda mrefu chumba hicho kimejaa maji, hakuna anayeweza kukiona. Halafu mto wa jirani unajichimbia bonde la chini zaidi, maji yaliyomo ardhini yanashuka kuufuata, na chumba kinabaki kitupu kikiwa na hewa. Hapo ndipo tunaposema kuna pango.

Kwa hiyo pango la chokaa ni mahali ambapo jiwe lilikuwepo, likayeyuka, likachukuliwa na maji.

JARIBIO LA KWANZA. Chukua lile ganda la yai. Ganda la yai, kwa sehemu kubwa, limetengenezwa na kitu kile kile kilichotengeneza jiwe la chokaa la Amboni. Liweke kwenye kikombe, kamulia ndimu mpaka lifunikwe. Kama huna ndimu, tumia siki. Subiri dakika chache uangalie karibu. Utaona mapovu madogo yamejishika kwenye ganda, yanapanda juu. Ndani ya mapovu hayo kuna hewa ya ukaa inayotoka kwenye chokaa inapoyeyuka. Liache mpaka kesho, ukibadilisha ndimu mara moja. Utalikuta limekuwa jembamba na laini. Ndimu ni kali kuliko mvua, kwa hiyo imefanya kwa siku moja kazi ambayo mvua ingeifanya kwa miaka mingi. Kumbuka mapovu hayo, tutayarudia tukifika Goma.

[Muziki mfupi]

MTANGAZAJI: Bado tupo Amboni. Inua tochi uangalie darini. Kuna mawe yananing'inia kama miiba mikubwa. Chini yake kuna mengine yameota kuelekea juu. Hayo nayo yametengenezwa na maji yale yale.

Tone lililobeba chokaa linafika kwenye dari ya pango na kuning'inia. Pale linapokutana na hewa ya pangoni, hewa ya ukaa iliyokuwa ndani yake inatoroka, kama soda inavyochacha ukiiacha wazi. Hewa ikitoroka, maji hayawezi tena kubeba chokaa yote. Yanaiacha kidogo pale darini kisha yanadondoka. Chini nako yanaacha kidogo. Hivyo jiwe la juu linarefuka kushuka, la chini linarefuka kupanda, na yakikutana yanakuwa nguzo moja.

La juu linaitwa stalaktaiti, la chini stalagmaiti. Wanafunzi huyachanganya kila mwaka, kwa hiyo shika hivi: stalaktaiti ina herufi K, na linalotoka juu ni la Kuning'inia. Stalagmaiti ina herufi M, na linaloota kutoka chini ni kama Mmea.

Kama hujawahi kuona pango, fungua mfuniko wa birika la chai uangalie ndani. Sehemu nyingi zenye maji ya kisima, birika likitumika muda mrefu hushika ukoko mweupe mgumu. Huo ni ukoko wa chokaa. Maji yalikuja nayo kutoka ardhini, moto ukafukuza hewa ya ukaa, chokaa ikabaki.

Tofauti ni muda. Stalaktaiti nyingi hukua kiasi cha sentimita 10 katika miaka 1,000. Tupige hesabu ya hapa kwetu. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka 1996. Waliozaliwa mwaka ule sasa wana watoto wanaosoma. Jiwe lililoanza kuning'inia mwaka huo huo, leo lina milimita 3 hivi, unene wa sarafu mbili ukizipanga pamoja. Ndiyo maana mwongoza wageni hukasirika mtu akivunja kipande apeleke nyumbani. Jiwe la urefu wa mkono wa mtu lina maelfu ya miaka.

Kabla hatujatoka Amboni, kuna hadithi ambayo utaisikia kule, kwamba pango halina mwisho, kwamba njia moja inatokea Mombasa na nyingine inatokea mlima Kilimanjaro. Ni hadithi tamu ya jioni. Lakini wataalamu walikwenda mwaka 1994 na vipimo vyao, wakaingia na kupima. Pango refu kuliko yote waliyoyapima halikufika kilomita 1. Mwanafunzi wa jiografia husikiliza hadithi ya wazee kwa heshima, kisha huchukua kamba akapima.

[Muziki wa njiani]

KITUO CHA PILI: GOMA NA MUSANZE

MTANGAZAJI: Tumeondoka pwani. Tumevuka Tanzania nzima, tumevuka ziwa, tumefika chini ya volkano. Wengi mnaonisikiliza mnaijua Nyiragongo, wapo waliokuwa wakiona mwanga wake mwekundu usiku wakiwa uani kwao. Mnakumbuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipoingia mjini Goma. Mnakumbuka pia tarehe 22 Mei 2021.

Huku jiwe si chokaa. Ni lava iliyopoa. Mvua haiwezi kuiyeyusha kama chokaa, na bado kuna mapango. Upande wa Rwanda, mjini Musanze, kuna mapango yenye urefu wa kilomita 2 hivi, yote ndani ya jiwe jeusi la lava. Kule Kenya, kwenye vilima vya Chyulu, kuna pango la lava lenye urefu wa zaidi ya kilomita 10. Nani aliyachimba?

Mama anayepika uji anajua jibu. Uji wa moto ukiumimina kwenye sahani na kuuacha, juu unashika utando. Utando umepoa, unaweza kuugusa, lakini chini uji bado ni wa moto. Ukiinamisha sahani, uji wa chini unatiririka na utando unabaki juu umekunjamana.

Lava inafanya hivyo hivyo. Inashuka mlimani kama mto wa moto, joto lake likizidi nyuzi 1,000. Sehemu ya juu inakutana na hewa, inapoa, inakuwa paa la jiwe. Chini ya paa lava inaendelea kukimbia, na paa hilo linaikinga isipoe. Volkano ikiacha kutoa lava mpya, ile iliyobaki ndani inatiririka mpaka inaisha. Linabaki bomba refu tupu chini ya ardhi. Hilo ndilo pango la lava. Amboni imechimbwa kwa muda usiohesabika. Pango la lava linaweza kutokea katika muda wa mlipuko mmoja.

Kwa hiyo swali la mtihani likikuuliza tofauti, andika hivi: pango la chokaa hutokea jiwe likiyeyushwa na maji, muda mrefu baada ya jiwe lenyewe kuwepo. Pango la lava hutokea wakati ule ule jiwe linapozaliwa.

Ndugu zetu wa Ituri wanaweza kusema, kwetu tuna Mont Hoyo. Ni kweli. Mapango ya Mont Hoyo, kusini mwa Bunia, ni ya chokaa, ni ndugu wa Amboni. Katika pango moja la huko linaloitwa Matupi, watafiti walichimba sakafu wakakuta zana za mawe za watu walioishi humo makumi ya maelfu ya miaka iliyopita. Watu waliokimbilia pango wakati wa mvua hawakuanza jana. Na ndugu wa Burundi mnaijua Nyakazu, kule Rutana. Ile si pango, ni korongo kubwa kwenye miamba, liko wazi juu. Nalo ni jiolojia, usiliandike kwenye jibu la mapango.

Na yupo mchimbaji mwingine ambaye wengi hawamjui. Kwenye mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda, kuna pango linaloitwa Kitum. Tembo huingia humo usiku, katika giza kabisa, wakabandua kuta kwa pembe zao na kula vipande kwa sababu vina chumvi. Vizazi kwa vizazi vya tembo vimeendelea kulipanua pango hilo.

[Muziki unashuka taratibu]

MTANGAZAJI: Sasa wazazi, sogeeni karibu. Nataka kusema mambo matatu yanayoua watu kwenye mapango na mashimo. Nitayasema bila haraka.

La kwanza ni hewa mbaya. Watu wa Goma na Sake wana jina lake, mazuku. Ardhi ya volkano inatoa hewa ya ukaa kupitia nyufa. Hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida, kiasi cha mara moja na nusu. Kwa kuwa ni nzito, inakaa mabondeni na mashimoni kama maji yanavyokaa. Haina rangi wala harufu ya kukuonya. Usiku na alfajiri, upepo ukiwa umetulia, inajikusanya zaidi. Ikizidi sehemu 10 katika kila sehemu 100 za hewa, mtu huzimia kwa muda mfupi, na asipotolewa hufa. Mbuzi huanza kufa kabla ya mtu mzima kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi. Mtoto naye yuko karibu na ardhi.

Ile ndiyo hewa ya mapovu ya kwenye ganda la yai. Kidogo kikombeni haina madhara. Ikijaa shimo, inaua.

Huku Kigoma hatuko juu ya volkano, lakini hewa mbaya inaweza kukaa pia kwenye kisima kilichoachwa au shimo refu la choo. Mtu akianguka humo na kulegea, usishuke kumfuata. Wengi hufa hivyo: wa kwanza anaanguka, wa pili anashuka kumwokoa, wa tatu anashuka kuwaokoa wawili. Piga kelele, ita watu, ita viongozi wa zoni na walinzi, tumieni kamba mkiwa juu.

La pili ni popo. Popo si adui. Wanakula wadudu, na wale wanaokula matunda wanasaidia miti kuzaa na kusambaa. Lakini aina moja ya popo wa matunda wanaoishi mapangoni hubeba virusi vya ugonjwa wa Marburg. Ndugu wa Haut-Uele wanakumbuka Durba. Kati ya mwaka 1998 na 2000, wachimbaji wa dhahabu walioingia kwenye machimbo yenye popo waliugua, wakawaambukiza waliowauguza nyumbani. Watu 154 waliugua, 128 wakafa. Lile pango la Kitum la tembo nalo, watu wawili waliolitembelea, mmoja mwaka 1980 na mwingine mwaka 1987, walipata Marburg. Na mwaka 2023 ugonjwa huo ulitokea Kagera, mkoa jirani na wetu.

Kwa hiyo, mtoto asiingie penye popo. Asiwashike, asikanyage kinyesi chao, asile tunda lenye alama za meno. Msiwachome wala kuwafukuza kwa moshi, maana mnawatawanya waje kwenye makazi. Akitokea mtu mwenye homa kali ya ghafla baada ya kuingia kwenye pango au machimbo, nendeni zahanati na semeni alikokuwa. Hilo la kusema alikokuwa ni muhimu sana kwa mganga.

La tatu ni kufukiwa. Paa la pango la chokaa limesimama maelfu ya miaka, na bado huanguka siku moja. Sembuse shimo la udongo lililochimbwa mwezi uliopita! Tunapochimba udongo wa matofali, wengi huchimba kwa kuingia ndani chini ya ukuta, kwa sababu udongo wa chini ni mzuri na jua halikuchomi. Hilo ni pango la udongo, na udongo hauna nguvu ya jiwe. Mvua ikinyesha unakunywa maji na kuwa mzito. Ukuta hauhitaji kuguswa, unaanguka wenyewe. Kijana, chimba kutoka juu ukishuka kwa ngazi ngazi. Usichimbe kwa kuingia chini. Na shimo mkishamaliza kulitumia, lijazeni au mlizungushie miiba.

[Muziki mfupi]

KITUO CHA TATU: KORONGO LA KAMBINI

MTANGAZAJI: Walimu, hiki kituo ni chenu. Korongo tunalo, halihitaji basi wala kibali. Chagueni asubuhi ambayo mvua haijanyesha siku mbili. Gaweni wanafunzi makundi ya watu 10, kila kundi liwe na mtu mzima au mwanafunzi mkubwa. Simameni upande wa pili, au mbali na ukuta kwa umbali unaozidi urefu wake mara mbili. Hakuna anayeshuka, hakuna anayekaa ukingoni.

Kila mwanafunzi achore ukuta wa korongo kwenye daftari. Juu ataona udongo mweusi wenye mizizi. Chini yake udongo mwekundu, pengine na kokoto. Hizo ni tabaka, na tabaka ya chini ndiyo ya zamani zaidi, kama kurasa za kitabu kilicholazwa. Kisha aangalie mguu wa ukuta. Mara nyingi pana uvungu, mahali maji ya mvua yamekula udongo kwa chini na juu pamebaki kama paa. Muulizeni: je, hili ni pango kama Amboni?

Jibu limo kwenye JARIBIO LA PILI. Chukua zile chupa mbili zenye maji. Kwenye moja tia udongo, kwenye nyingine tia chumvi. Funga, tikisa, kisha uziache zitulie. Baada ya muda udongo umeshuka chini, unauona. Maji yaliubeba tu. Chumvi huioni. Imeyeyuka, imekuwa sehemu ya maji. Korongo linatokea kwa njia ya chupa ya kwanza, maji yanabeba udongo na kuuacha mahali pengine. Huo ni mmomonyoko. Pango la Amboni linatokea kwa njia ya chupa ya pili. Sasa mwaga maji ya chumvi kidogo kwenye sahani, weka juani. Yakikauka utaona ukoko mweupe. Chumvi imerudi, kama chokaa inavyorudi kwenye stalaktaiti.

Mkirudi darasani na mawe mliyookota njiani, dondosheni ndimu juu ya kila jiwe. Likitoa mapovu, lina chokaa. Lisipotoa, andikeni hivyo. Jibu la "hakuna mapovu" ni jibu sahihi pia, mradi umeliona mwenyewe.

Wanafunzi wanaosoma kwa Kifaransa, andikeni maneno haya pembeni mwa daftari. Pango ni grotte. Jiwe la chokaa ni calcaire. Mmomonyoko ni érosion. Hewa ya ukaa ni dioxyde de carbone. Stalaktaiti na stalagmaiti ni stalactite na stalagmite.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Tone la mvua linapata wapi hewa ya ukaa, na mahali gani linapata nyingi zaidi?
2. Kwa nini hakuna stalaktaiti za chokaa nyingi kwenye pango la lava kama zilivyo Amboni? Anza kwa kufikiri jiwe lenyewe ni la aina gani.
3. Mwenzako ameanguka kwenye kisima cha zamani na hajibu. Utafanya nini kwanza, na nini hutakifanya?
4. Katika mtaa wenu kuna mashimo mangapi yaliyoachwa wazi? Yahesabuni, na mpeleke orodha kwa kiongozi wa zoni.

Swali la nne si la mtihani, lakini ndilo ningependa lijibiwe kabla mvua hazijaanza. Vikundi vitakavyokuwa na orodha, leteni nakala studio tuisome hewani.

Wanafunzi, majibu ya swali la 1 mpaka la 3 tutayapitia kipindi kijacho. Akina mama, ganda la yai msilitupe, mtoto atalihitaji kesho.

[Muziki wa kipindi unapanda mpaka mwisho]